Rili Kuukuu na Mkono wa Baba

Rili ya kwanza niliinunua nikidhani ni kifaa cha cherehani. Nilikuwa katika soko la mitumba la Busia, kwa mama mmoja Mganda ambaye huvuka mpaka asubuhi na kutandaza turubai lake upande wetu. Yeye hauzi nguo. Hununua marobota ya vitu mchanganyiko, yale yanayofungwa ng'ambo bila mtu kuchagua, na ndani yake hutoka chochote: mizani ya jikoni, taa za baiskeli, saa za ukutani, viatu vya kutelezea kwenye barafu. Siku hiyo kulikuwa na kitu cha chuma, kizito kuliko kilivyoonekana, rangi yake ya kijani imebanduka pembeni, kina mkono mdogo wa kuzungusha. Nilipouzungusha, bobini kubwa ya mbele ilipanda na kushuka polepole huku waya uliopinda ukiizunguka. Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda katika mtaa wa Burumba, nashona sare za shule na mapazia. Nilichoona mimi ni mashine ya kukunjia uzi.

Nilimuuliza mama yule ni ya nini. Alisema hajui, pengine ni ya watoto kuchezea.

"Lakini ni ya zamani, nnyabo," akaniambia, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Angalia hicho chuma. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Niliifunga kwenye ukingo wa meza yangu ya kazi. Ilikuja na nailoni kuukuu imejaa kwenye bobini, nikaivuta yote kwa mikono, nikaisokomeza kwenye mfuko wa kitambaa pale chini ya meza, ikawa fundo moja kubwa. Mahali pake nikakunja kamba za mapazia. Nilitia mafuta ya cherehani kwenye tundu lililokuwa ubavuni, gia zikalainika, na kwa miezi kadhaa ilinifaa kazi hiyo. Wateja waliiona na hakuna aliyeniuliza.

Aliyeniuliza ni dereva wa lori, huko Malaba. Nina mteja huko, mwenye lojing'i ndogo kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuelekea Uganda, na mimi ndiye humshonea mashuka na mapazia. Siku moja nilienda kumtundikia mapazia mapya nikabeba na kile chuma changu, kwa sababu kamba yote ilikuwa imekunjwa humo. Nilikaa kwenye benchi nje, naivuta kamba na kuikata vipande. Pembeni yangu alikuwa dereva mmoja mtu wa Pwani akinywa chai. Lori lake lilikuwa halijasogea tangu juzi yake. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuonekana anaingilia.

"Mama, kwani hiyo rili umeifanya ya kamba ya pazia?"

Nikamuuliza rili ni nini. Alikiweka kikombe chini. Aliichukua, akaigeuzageuza, akaweka sikio karibu nayo huku akizungusha, akasema ni rili ya kuvulia samaki, ya watu wanaovua kwa ufito, na kwamba ya aina ile alikuwa ameiona mara ya mwisho akiwa kijana. Alienda kwenye lori akarudi na nailoni nyembamba, maana yeye husafiri na mshipi wake popote anapokwenda. Akaondoa kamba yangu, akakunja nailoni yake, akafunga nati kwenye ncha. Kisha akanionyesha. Unaufungua ule waya uliopinda, unazuia nailoni kwa kidole cha shahada, unarusha, unaachia kidole. Nati ilipaa juu ya uwanja wa kuegesha malori ikaenda kutua mbali kati ya matairi. Madereva wengine walisimama kutazama. Alipozungusha mkono wa rili, waya ukajifunga wenyewe kwa mlio mdogo, na nati ikarudi ikiruka-ruka kwenye vumbi mpaka miguuni petu.

Alinifanya nirushe na mimi. Nati yangu ilianguka karibu na benchi. Aliniachia ile nailoni, akaniambia nisiiuze rili hiyo kwa mtu asiyejua ni kitu gani. Nilitundika mapazia nikarudi Busia, na njiani nilikuwa nikimfikiria baba.

Baba alivua samaki maisha yake yote, upande wa mji wa Sio Port ulio kando ya ziwa, kwa nyavu na mashua. Mwaka uliotangulia, asubuhi moja wakivuta mashua nchi kavu, alianguka kwenye mchanga na hakuweza kuinuka. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa katika hospitali ya misheni ya Nangina, akapona kwa maana ya kuwa hai na akili yake timamu, lakini mguu wa kulia ukawa mzito na mkono wa kulia ukaning'inia kama si wake. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira laini wa kuminya. Baba aliuminya wakati yule bwana akimtazama, na alipofika nyumbani akautia chini ya kitanda.

Kwangu hangeweza kuja. Kwetu mzazi halali nyumbani kwa mkwewe, hata awe mgonjwa namna gani, na baba hangekubali nimwombe. Alibaki kwake, na kwa kuwa mama alishafariki, wa kumwangalia akawa wifi yangu, mke wa kaka yangu, kwa sababu kaka yangu anafanya kazi Nairobi. Hapo nako kulikuwa na ugumu wake. Mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, mke hakai kwenye kiti cha mkwe, na hata neno mara nyingi hupitia kwa mtu wa tatu. Wifi alipika, akafua, akaweka chakula kwenye kigoda akasogea. Wa kumwogesha alikuwa binamu yake baba, mzee wa boma la pili. Siku moja baba alianguka mlangoni na binamu yake hayupo. Wifi alisimama hatua chache kutoka pale alipolala, akiita majirani kwa sauti, na baba akiwa chini akimsikia akiita. Wote wawili walinisimulia kisa hicho, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akitazama pembeni.

Jumapili iliyofuata safari ya Malaba nilimpelekea baba rili. Nilibeba pia ule mfuko wa nailoni kuukuu aniambie kama bado ina nguvu au ni ya kutupa. Aliishika rili kwa mkono wa kushoto, akaizungusha kwa kidole gumba, akaniambia hiyo ni ya watalii, wale wanaomvua samaki, wanampiga picha na kumrudisha majini.

"Samaki mmoja mmoja," akasema. "Hiyo ni kazi ya mtu asiye na watoto wa kulisha."

Nilimwachia vyote viwili nikarudi zangu.

Jumapili iliyofuata wifi alinikuta njiani kabla sijafika bomani. Aliniambia mzee hajaomba redio wiki nzima. Anakaa kivulini na ule mfuko mapajani. Mtu aliyetengeneza nyavu tangu ujana hawezi kuvumilia kuona nyuzi zimefungana, na fundo nililofanya mimi lilikuwa limemkera kiasi cha kusahau kila kitu. Mwanzoni alitumia mkono wa kushoto na meno. Kisha, aliniambia wifi, alianza kuuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya fundo, akavitumia vidole vyake kama uzito wa kukandamizia. Na siku mbili hizi, akaniambia akipunguza sauti, kidole cha shahada na gumba vinajibana vyenyewe.

Niliingia nikamkuta. Hakuniamkia kwanza. Aliniuliza ni nani aliyeitoa nailoni kwenye bobini kijinga namna ile.

Siku ya kliniki nilimsindikiza Nangina. Yule mtaalamu alimwambia afunge ngumi, na vidole vikasogea zaidi ya alivyotarajia. Akamuuliza amekuwa akifanya mazoezi gani.

"Nimekuwa nikifungua ujinga wa binti yangu," baba akasema.

Mtaalamu aliponielewa nikimweleza, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema tuendelee hivyo hivyo, na kama kuna nailoni nyingine imefungana, mzee aletewe.

Basi nikaanza kununua rili. Nilimwambia yule mama Mganda aniwekee kila itakayotoka kwenye marobota yake, na zaidi zile zenye nailoni iliyovurugika ambazo mtu mwingine hangezitaka. Hakuelewa, lakini aliniwekea. Nyingine nilizipata Malaba, kwa wachuuzi wanaopanga bidhaa chini kando ya foleni ya malori. Kwa muda nikajifunza kuchagua. Unazungusha mkono polepole, si kwa kasi, kwa sababu kasi huficha gia iliyolika. Unasikiliza. Mlio wa kukwaruza si mbaya sana, huenda ni mchanga na mafuta yaliyokauka, lakini ikiruka, kama jino linakosa mwenzake, achana nayo. Unapitisha ukucha pale nailoni inapopita kwenye waya. Ukikwama, pana mfereji, na mfereji huo utakata nailoni siku ya samaki mkubwa. Unafungua waya na kuufunga kujua kama springi bado ina nguvu. Nyingi za zamani mkono wake uko upande wa kushoto na hauhamishiki. Kwa watu wengine hiyo ni kasoro.

Nilijaribu kumnunulia mpya pia, ya plastiki, inayong'aa. Ilivunjika mkono kabla mvua haijaanza. Zile kuukuu nilizifungua mezani kwangu kwa bisibisi ya cherehani, nikazisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, nikapanga kila skrubu kwenye kifuniko kwa mpangilio niliozitolea, kwa sababu mara ya kwanza sikupanga na ilibaki moja mkononi.

Siku moja baba alisema, kama mtu anayezungumzia jambo la jirani, kwamba kitu kama hicho lazima kijaribiwe majini. Nilipata ufito kwa yule yule mama Mganda, mweusi, mrefu, umepoteza pete mbili za kupitishia nailoni. Nilitengeneza pete za waya nikazifunga kwa uzi wa kushonea viatu, nikapaka rangi ya kucha juu yake uzi usifumuke. Kwa kuwa mkono wake wa kulia haukuweza kushika ufito peke yake, nilimshonea kikuku cha turubai chenye kifungio cha kubandika, kinachofunga ufito kwenye mkono juu kidogo ya kiganja. Mkono mbovu ungebeba ufito, na mzima ungezungusha rili. Huo mkono wa rili wa upande wa kushoto ulikuwa kama umetengenezwa kwa ajili yake.

Siku ya kwanza ziwani, kilichotushinda ni kurusha. Kurusha kunataka mikono miwili na mguu wa kusimamia. Mimi nilirusha vibaya, na chambo changu kilienda kunasa kwenye wavu wa omena, wale dagaa wa ziwani, ulioanikwa, kina mama wenye omena wakanipa maneno. Wifi alikuwa amekuja nyuma yetu na kigoda cha baba kichwani. Alikiweka kigoda, akanichukulia ufito mkononi, akasema yeye amenitazama na ameona ninapokosea, nachelewa kuachia kidole. Alirusha. Haikwenda mbali, lakini ilienda majini. Ya pili ilikwenda mbali.

Baada ya hapo wao ndio waliokuwa wakienda, siku za wiki nisipokuwepo. Walikuwa na utaratibu wao. Wifi anarusha, anauegemeza ufito kwenye mti wenye panda uliosimikwa mchangani, anarudi nyuma. Baba anasogea na mkongojo, anakaa, anajifunga kikuku, anazungusha polepole. Akimaliza anauegemeza tena pale pale na kutazama ziwa mpaka wifi atie chambo kingine. Hawakugusana wala hawakupokezana. Ule mti wenye panda ndio uliopokea na kutoa. Siku nyingi hawakupata kitu, siku nyingine ngege, yaani sato, wadogo wa kutia mchuzi ladha.

Niliyoyaona mwenyewe yalitokea Jumapili moja jioni ya mapema, ziwa limetulia, magugu yamesukumwa mbali na upepo wa mchana. Mimi nilikuwa kwenye mawe, nasuuza ndoo. Wifi alirusha, na kabla hajafikia kuuegemeza ufito, nailoni ikavutwa. Ufito ulipinda mbele yake ghafla. Rili ikaanza kulia, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka humo, kama cherehani ikikimbia bila nguo. Wifi aliniita nije nimshikie. Nilianza kutembea juu ya mawe, lakini mawe yale yanateleza, na nilijua sitafika.

Baba alishainuka. Aliuacha mkongojo kwenye kigoda, akaburuta mguu hatua zile chache, na wifi alipomwona anakuja alitaka kuuweka ufito chini amwachie, jinsi walivyozoea.

"Usiachie," baba akamwambia. "Shikilia hapo hapo. Mimi nitazungusha."

Aliulaza mkono wake wa kulia juu ya mikono ya wifi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuushikiza, na kwa ule wa kushoto akaushika mkono wa rili. Walisimama bega kwa bega. Alimwambia ainue, ainamishe, asubiri, sasa. Samaki alipovuta, hakuzungusha. Alimwacha akimbie, na aliposimama ndipo akazungusha. Nilifika nikasimama nyuma yao na ndoo yangu, nikaona hakuna nafasi yangu. Kina mama wa omena walikuwa wameacha kazi na wanatazama, na nilijua wanachokitazama si samaki.

Alikuwa mbuta, yaani sangara, urefu wa mkono wangu kutoka begani. Nilimburuta nchi kavu kwa kumshika matamvua. Wakati huo ndipo wifi alipoitazama mikono yake, na mkono wa baba bado uko juu yake. Baba aliutoa mkono wake taratibu kwa ule mwingine, kama mtu anayeinua kitu chake mwenyewe alichosahau kwa jirani.

"Mama, umeshika vizuri," akamwambia.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita kwa neno lolote. Miaka yote alisema "mwambieni aliyepika" au "yule wa jikoni."

Habari zilifika bomani kabla yetu. Shangazi yangu alikuja kesho yake, akakaa, akanywa chai, akasema kwa kuzunguka kwamba watu wanazungumza. Mimi nilikuwa nimelala kwetu siku hiyo, kwa hiyo niliyasikia. Baba alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, bila hasira, siku ile alipoanguka mlangoni, wao wenye kuzungumza walitaka aendelee kulala pale mpaka lini. Shangazi alikiweka kikombe chini. Aliondoka na kipande cha mbuta kimefungwa kwenye jani la mgomba, na alikipokea kutoka mkononi mwa wifi.

Tangu hapo wifi humshika mkono kwenye ngazi na kumfunga vifungo vya shati. Heshima yao haikwenda popote. Hakai kwenye kiti chake, wala haingii chumbani mwake bila kubisha. Mkono wa baba haukurudi kama ulivyokuwa. Anashika kikombe kisichojaa sana. Sindano ya kushonea nyavu imemshinda, aliijaribu mara kadhaa na kisha akawagawia vijana wa bichi sindano zake zote. Hilo lilimuuma kuliko nilivyotegemea, na kwa wiki kadhaa hakutaka kwenda ziwani. Hatukumlazimisha. Alirudi mwenyewe, asubuhi moja alipomwona wifi anaondoka na ufito peke yake.

Jumapili iliyopita nilifika nikakuta mlango umeegeshwa kwa kigogo na kuku tu uani. Niliteremka hadi pale ziwa linapoonekana. Walikuwa mbali, kwenye ncha ya nchi kavu ambayo maji yameimega miaka hii, na kutokana na mikono yao nilijua wanabishana. Wifi alikuwa akionyesha upande wa mdomo wa mto, baba akionyesha upande mwingine kwa mkongojo. Nilipunga mkono. Hakuna aliyeniona. Nilirudi bomani, nikasonga ugali, nikapika kunde zilizokuwa zimechumwa, nikala sehemu yangu na kufunika zao. Walipofika hawakuwa na samaki hata mmoja, na walikuwa bado wanabishana kuhusu upepo.